Mabaki ya Maendeleo

Nchi ninayoisimulia haina jina kwa sasa. Ilikuwa nalo, zuri tu, la kuimbika, ila wakubwa waliona limefifia wakalipeleka ng'ambo kuoshwa, na mpaka leo halijarudi. Tunaishi hivyo hivyo, kama mtoto mchanga ambaye wazee wake bado wanabishana wamwiteje.

Mimi huitwa Mama Tunzo, wa mtaa wa Majalubani, nyuma ya soko. Kusoma nilisoma mpaka darasa la saba, na mume wangu Mzee Ngwali, fundi baiskeli, alizoea kusema kwamba hilo la saba lilikuwa la ziada. Kwa hiyo mambo ya serikali siyajui kwa undani. Nayasema kama yalivyopita mbele ya mlango wangu.

Yalianzia redioni. Mtukufu, kiongozi wetu, alikuwa akisikiliza redio kila asubuhi huku ananyolewa ndevu. Siku hiyo bwana mmoja akasema redioni kuwa siasa za siku hizi ni chafu. Mtukufu akashtuka, wembe ukamgusa kidogo. Akafuata mtangazaji wa mpira, akasema timu ya Ikulu imeshinda kwa mchezo mchafu. Mtukufu akakaa wima. Mwisho akaja daktari wa watoto, mama wa watu mwenye sauti ya upole, akatuasa kwamba maradhi mengi ya tumbo huletwa na mikono michafu.

Mtukufu akaitazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Hawa wananisema mimi?" akauliza.

"Nani hao, Mtukufu?" akajibu kinyozi.

Hilo halikuwa jibu. Kinyozi yule sasa ni balozi wetu katika nchi moja ya barafu, na nasikia huko hakuna mwenye ndevu.

Kabla jua halijatua ikaundwa Tume ya Kuchunguza Maana na Matumizi ya Neno Uchafu.

*

Tume ilizunguka nchi nzima kwa magari meupe. Majalubani walitandikiwa mazulia juu ya tope, wakaketi, wakatuuliza. Mwenyekiti wa Tume alikuwa mtu mnene mwenye suti ya kijivu, na kila alipotaka kulitamka neno lenyewe alifunika mdomo kwa leso.

"Neno hili," akasema ndani ya leso, "hapa kwenu mnalitumiaje?"

"Kwa sufuria, mheshimiwa," akajibu mzee wa mashine ya kusaga. "Na kwa nguo."

"Na kwa watu?"

"Kwa watoto, wakitoka kucheza."

"Na kwa watu wazima?"

Watu wakatazamana. Akasimama jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Bi Sikudhani, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili kichaa. Akajifunga kanga vizuri.

"Tunasema fulani ana moyo mchafu, yule anayekula cha yatima. Tunasema mali chafu, ile ambayo mwenyewe ukimuuliza ameipata wapi anakuuliza wewe umelala wapi. Na tunasema mdomo mchafu. Huo mheshimiwa usihangaike kuutafuta, ni huu hapa."

Watu wakacheka. Tume hawakucheka, waliandika.

"Na mnapomsema kiongozi?"

Hapo mtaa mzima ukakohoa. Mzee wa mashine akakohoa, mama ntilie wakakohoa, hata mwenyekiti wetu wa mtaa, Bwana Pazi, alikohoa, kisha akakumbuka cheo chake, akakohoa upande wa pili ili kusawazisha. Tume wakaandika kwamba neno hilo lina maana moja ya ziada ambayo wananchi huitamka kwa kifua.

*

Matokeo aliyatangaza Waziri wa Usafi wa Taifa, Mheshimiwa Kibwebwe. Alikuwa na sauti kubwa kuliko redio yetu. Mzee Ngwali ilibidi aiweke chini ya mto ndipo tukamwelewa.

"Ndugu wananchi! Mataifa mengine yamepigana na uchafu kwa mafagio, kwa malori, kwa mitaro. Yameshindwa! Sisi tumetumia akili. Kuanzia adhuhuri ya leo neno hilo limefutwa katika lugha yetu tukufu, na kitu kisichokuwa na jina hakipo. Kwa hiyo ninayo furaha kuwatangazia kwamba nchi yetu ndiyo safi kuliko zote duniani, na kazi yote imefanyika tumekaa!"

Makofi.

"Sasa mtaniuliza, Mheshimiwa, haya tunayoyakanyaga ni nini? Haya ni Mabaki ya Maendeleo! Ganda la ndizi ni ushahidi kwamba mwananchi amekula ndizi. Vumbi ni ushahidi kwamba gari limepita. Maji meusi mtaroni ni ushahidi kwamba watu wanaoga! Basi anayefagia anafuta ushahidi wa maendeleo. Na anayefuta maendeleo ni nani?"

"Mhujumu!" wakajibu waliopelekwa kujibu.

Mzee Ngwali akaitoa redio chini ya mto, akaizima. "Mama Tunzo," akaniambia, "ule ufagio wako uuweke juu ya dari."

Niliuweka, na wakaukuta huko huko. Walipita nyumba kwa nyumba wakakusanya mafagio yote, ya chelewa, ya nailoni, hadi yale ya kuondolea utando wa buibui. Jalala la soko likawekewa jiwe la msingi na kupewa jina la mama mzazi wa Mtukufu, na mbuzi waliozoea kula pale wakapewa onyo la kwanza. Shuleni, mwalimu aliyekuwa akikagua kucha za watoto aliendelea kuzikagua, ila sasa aliyekuwa na kucha nyeusi ndiye aliyepigiwa makofi. Sabuni ikauzwa kwa kunong'ona. "Una kile kipande?" mtu anauliza dukani huku anatazama barabarani. "Cha kufulia au cha kuogea?" "Chochote, ndugu yangu, hata povu."

*

Wiki hiyo hiyo Mzee Ngwali akafariki.

Hakuugua. Aliketi asubuhi kwenye ukingo wa kitanda, ndala zake miguuni, akasema, "Mama Tunzo, leo nahisi baridi." Nikaenda kumletea shuka jingine. Niliporudi hakulihitaji.

Sasa lazima niwaeleze desturi yetu, maana bila hiyo hamtanielewa. Kwetu msiba ukiingia, nyumba haifagiliwi. Kila kinachoangushwa na waombolezaji kinabaki pale kilipoangukia. Wazee walisema hizo ni nyayo za watu waliokuja kukulilia, na si adabu kuwafukuza kwa ufagio hali machozi yao hayajakauka. Mfiwa anakaa mkekani katikati ya hayo yote. Hawashi jiko, havuki ua, wala haitwi kwa jina lake. Huitwa aliye mkekani. Halafu ikifika siku ya kuanua tanga, wanawake wa mtaa wanakuja, kila mmoja na ufagio wake. Wanaanzia chumba cha ndani wanakuja taratibu kuelekea mlangoni, wakimfikia mfiwa yeye ananyanyua miguu, wanafagia chini yake, wanaendelea, wanayatoa yote nje. Hapo ndipo anaitwa kwa jina lake, anawasha moto, anarudi kuwa mtu kati ya watu.

Mwenyewe hajifagilii. Hilo ni mwiko. Mfiwa akishika ufagio mwenyewe, ni kama kusema hana mtu.

Watu walikuja kuzika, tena wengi. Walilia, walikula, wakalala, wakaondoka. Ikafika siku ya kuanua tanga. Nikavaa kanga safi, nikajiweka sawa katikati ya mkeka, nikasubiri hodi.

Jua likapanda. Jua likashuka. Hapakuja mtu.

*

"Aliye mkekani!" Ilikuwa sauti ya Sikudhani, juu ya ukuta.

"Nipo."

"Umekula?"

"Nitakula nini na jiko halijawashwa?"

"Pokea basi. Ugali na mlenda. Usimwage, utatuongezea maendeleo."

Nikapokea bakuli. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa kitambaa cha buluu, macho mekundu.

"Sikudhani, mnakuja lini?"

Akageuka kwanza, akatazama barabarani.

"Wamechukua ufagio wangu, shoga. Hadi ule wa chooni."

"Si mkate matawi tu?"

"Mke wa fundi saa alifagia uani kwake kwa tawi la mwarobaini. Wamempeleka semina."

"Semina inaisha lini?"

"Ndiyo hatujui. Mumewe alienda kuuliza, naye akaingizwa semina."

Nikala mlenda wangu. Ulikuwa na chumvi ya kutosha, nakumbuka, na nilitamani kumwambia, lakini alikuwa ameshashuka.

Binti yangu Tunzo ni karani mjini, katika Wizara ile ile ya Mheshimiwa Kibwebwe. Alikuja kuzika, likizo ikamwishia njiani, akarudi. Alikuwa akinipigia simu Jumapili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyumba mpaka leo ni chaf—"

"Mama! Usilitaje kwenye simu."

"Niseme nini?"

"Sema... sema nyumba ina maendeleo."

"Nyumba ina maendeleo, mwanangu. Yamenifika kifundoni."

"Hongera mama," akasema kwa sauti ya kuwasikilizisha wengine. Kisha nikamsikia anavuta kamasi, na simu ikakatika.

*

Mtu akikaa na vitu muda mrefu anavijua. Penye kizingiti palikuwa na tope jekundu, la watu wa ng'ambo ya mto, maana la kwetu ni jeusi. Chini ya dirisha yalilala maganda ya karanga ya shemeji yangu, ambaye hata akilia hutafuna. Majani ya mgomba yaliyofunikia wali yalikauka yakajikunja, nikigeuka tu yanalia. Palikuwa na kokwa za tende, nyuzi za mkeka, kifungo cha shati la mtoto, manyoya ya kuku aliyechinjwa siku ya maziko. Vumbi likashuka juu ya vyote polepole, kama mtu anayefunika chakula.

Na pale kando ya kitanda palikuwa na mchanga kidogo, kiasi cha kijiko, ulioanguka kutoka kwenye ndala za Mzee Ngwali asubuhi ile. Huo sikumwonyesha mtu.

Nilizungumza navyo. Tope nililiuliza habari za ng'ambo. Maganda niliyatania, "Shemeji, bado unatafuna?" Mchanga sikuuambia kitu, niliutazama tu.

*

Wakati huo serikali ikaanzisha Shindano la Kaya Iliyoendelea. Bwana Pazi akapita kila nyumba kukagua. Watu wengi walikutwa na maendeleo haba, kwa sababu walikuwa wakiokota kwa mikono yao, wanatia mifukoni na kwenda kumwaga mtoni. Pazi alikuwa amekata tamaa alipoingia kwangu. Aliingia bila hodi. Cheo kilikuwa kimeshamwondolea hodi.

Akasimama. Akavua kofia. Akapiga magoti, akapitisha kidole sakafuni, akakiinua kwenye mwanga.

"Mama," akasema, "hii ni ya kiwango cha juu kabisa."

Huyu Pazi nilimlisha uji kabla hajajua kupenga kamasi. "Mwanangu," nikamwambia, "hili ni tanga la mzee wako. Aliyekutengenezea baiskeli yako ya kwanza kwa vyuma vya kuokota. Waruhusu wanawake waje wanifagilie. Nusu siku tu, wewe uangalie upande mwingine."

Aligeuza kofia mikononi, akaizungusha, akaizungusha.

"Najua, mama. Hata mimi nilimlilia." Kisha akaivaa kofia, na uso wake ukawa wa kazini. "Lakini mtaa wetu haujawahi kushinda kitu."

Tukashinda. Tena si kata wala wilaya, tulishinda taifa. Wakaja wakazungushia nyumba yangu kamba nyekundu, wakapigilia kibao: KAYA BORA YA TAIFA. USIGUSE. Ikaamriwa mtu asiegemee ukuta wangu, usije ukatikisika vumbi likaanguka. Kwa hiyo Sikudhani hakuweza tena kuchungulia. Akawa anapitisha bakuli kwenye tundu la chini linalopitiwa na kuku. Tangu siku hiyo sikuona uso wake, niliona vidole tu, navyo vilichezacheza kidogo kunisalimu kabla havijarudi kwao.

Wageni walikuja kwa makundi, na mwongozaji mwenye fimbo. Walisimama nje ya kamba wakachungulia dirishani, wakanipiga picha. Mtu anaweza kutazamwa mchana kutwa na asionwe hata na mmoja. Siku moja bibi mmoja mwenye miwani akauliza, "Na yule mama aliyekaa pale, naye ni mabaki?"

Mwongozaji akafikiri. "Bado hatujamwainisha," akasema.

*

Basi ikapangwa Mheshimiwa Kibwebwe aje mwenyewe kunipa tuzo. Siku moja kabla, vidole vikaja na bakuli kwenye tundu, na nyuma ya vidole nikasikia sauti.

"Aliye mkekani. Kesho kaa katikati ya mkeka, usisogee popote."

"Kuna nini?"

"Tumeitwa kucheza ngoma ya mapokezi."

"Mimi nina msiba, Sikudhani. Ngoma ya nini nyumbani kwangu?"

"Kaa katikati," akasema, vidole vikaondoka.

Mnajua kwetu hakuna kiongozi anayeweza kushuka garini mpaka wanawake wamekatika viuno. Miguu yake haifanyi kazi. Kwa hiyo nilielewa wameitwa. Sikuelewa wamefurahia nini. Nililala na uchungu, nikamwambia marehemu Mzee Ngwali kwamba hata Sikudhani ameniacha.

Asubuhi magari yakaja, vumbi likaja, Mheshimiwa akaja. Akasimama mlangoni kwangu na viatu vyeusi vinavyong'aa kama macho ya panya, akawahutubia watu akiwa amenipa mgongo.

"Mama huyu hakukaa bure! Wengine wameketi, wakalala. Yeye ameketi, maendeleo yakamjia!" Akageuka. "Mama, una neno kwa serikali yako?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo muda mrefu. Nikasema, "Mheshimiwa, naomba nyumba yangu ifagiliwe."

Bwana Pazi akapiga hatua mbele haraka. "Anasema, Mheshimiwa, anaomba barabara."

"Barabara mtapata!" akanguruma Waziri. Makofi.

Ndipo Sikudhani akatokea mbele ya wanawake. Wote walikuwa wamevaa kanga mpya za chama, lakini chini ya kanga kila mmoja alikuwa amejifunga gunia kiunoni, pindo lake limechambuliwa nyuzi, linaburura ardhini.

"Mheshimiwa," akasema kwa heshima ambayo sijawahi kumsikia nayo, "ngoma yetu hii ya kienyeji huanzia chumba cha ndani."

Pazi akafungua mdomo. Waziri akamzuia kwa mkono. "Mila na zidumishwe!"

Wakainama chini ya kamba nyekundu, wakanipita pale mkekani bila kunitazama, wakaingia hadi chumbani. Ngoma ikaanza. Haikuwa ya kurukaruka. Walicheza bila kuinua miguu, bega kwa bega, wakiyumba kulia na kushoto, na magunia yakisema shwaa, shwaa, sakafuni. Wakaimba:

*Aliye mkekani, tumekuja,
njia ilizibwa, tumekuja.
Tumechelewa, tumekuja,
usihesabu, tumekuja.*

Nikawasikia wanatoka chumbani. Kokwa za tende zikabingirika mbele yao. Maganda ya karanga yakaja, majani ya mgomba yakaja yakilia, manyoya yakaruka. Wakanifikia. Sikudhani alikuwa katikati, jasho linamtiririka, macho yake sasa yakanitazama, na mimi nikanyanyua miguu. Gunia lake likapita chini yangu.

Nililia kwa sauti, kama siku ya kwanza.

"Piga picha," Waziri akamwambia mpiga picha wake. "Hayo ni machozi ya furaha."

Wakaendelea mpaka mlangoni, wakasukuma kwa pamoja. Tanga zima la Mzee Ngwali, tope jekundu na jeusi, maganda, majani, vumbi na manyoya, likatoka nje likaenda kutua juu ya viatu vya Mheshimiwa, likavifunika hata kamba zake hazionekani.

Akatazama chini. "Hii ni nini?"

Neno la kumjibu alikuwa amelifuta mwenyewe. Watu wakaanza kukohoa, kwanza mmoja mmoja, kisha mtaa mzima.

"Ni... ni Mabaki ya Maendeleo, Mheshimiwa," akasema Pazi, rangi imemtoka. "Yamekufuata mwenyewe."

Waziri akafikiri. Ukimtazama mtu wa namna ile akifikiri unamwonea huruma. Halafu uso ukamfunguka.

"Maendeleo yamenifikia!" akapaza sauti. "Wananchi, mmeona? Yamenifikia miguuni! Ngoma hii inaitwaje?"

"Inaitwa Sukuma Mbele, Mheshimiwa," akasema Sikudhani.

"Kuanzia leo, Sukuma Mbele ni ngoma ya taifa! Ichezwe kila nyumba!"

*

Siku hiyo wakaniita kwa jina langu. "Mama Tunzo," mmoja mmoja, wakinishika mkono. Kamba nyekundu ikaondolewa, kwa sababu hapakubaki cha kulinda. Kibao wakakihamishia nyumba nyingine. Wanawake wakaenda zao, wana watoto, wana waume, wana vyungu motoni.

Nikawasha jiko. Nikaoga. Nikapika wali kidogo na maharage, nikaketi kula, nikasikia mwiko unavyogonga sufuria, sauti inakwenda mpaka ukutani na kurudi. Nyumba ikifagiliwa huwa kubwa. Nilikwenda kutazama pale kando ya kitanda. Sakafu ilikuwa safi, ina mistari ya nyuzi za gunia tu. Sikuwalaumu. Wangejuaje? Na ningewaambia, wangefagia wakizunguka kile kijiko cha mchanga, nami ningekuwa mkekani mpaka leo. Lakini niliinama nikapapasa kwa kiganja, huku na huku. Hapakuwa na hata chembe.

Nikakaa hivyo siku nyingi. Mlango wazi, jiko linawaka, jina ninalo. Nilikuwa nimeruhusiwa kutoka, na sikuwa na pa kwenda.

Asubuhi moja kichwa kikatokea juu ya ukuta.

"Mama Tunzo! Chukua gunia ujifunge."

"Kwenda wapi?"

"Ng'ambo ya mto. Kuna Bi Nyamizi, dada yake alikufa kabla ya mzee wako. Mafagio yalikuwa yamechukuliwa kule kabla ya huku. Hakuna aliyemfagilia mpaka leo, anaachiwa chakula mlangoni tu. Tunakwenda kucheza ngoma ya taifa, nani atatuzuia?"

"Magoti yangu haya?"

"Si ngoma ya kuruka. Twende."

Tukaenda. Tulivuka mto kwa daraja la mbao, tukapanda kilima chekundu, tukasalimiana na askari wawili waliotupigia saluti kwa sababu ya magunia. Nyumba ilikuwa peke yake mwisho wa njia, majani yameota mpaka kizingitini. Kutoka nje ulionekana ukungu wa vumbi ndani, na ndani ya ukungu, mtu.

"Hodi," nikasema. Mimi ndiye niliyekuwa mbele. Sijui kwa nini walinitanguliza.

Kitu kikajisogeza kwenye mkeka. Ikatoka sauti kavu, ya mtu ambaye hajaitumia muda mrefu, na hajasikia redio, na hajui waziri wala Tume wameamua nini. Akasema kama mwanamke yeyote anavyosema akikutwa na wageni hali nyumba haijatengenezwa.

"Karibuni. Karibuni jamani. Samahanini, kuna uchafu."

Wanawake wote nyuma yangu wakaganda. Sikudhani akatazama njia tuliyotokea. Tulikuwa hatujalisikia neno hilo likitamkwa kwa sauti tangu walipolifuta, nalo likatujia pale mlangoni, la kawaida kabisa, kama harufu ya nyumbani.

Jibu la adabu nalijua, na kila mgeni analijua. Unasema, uchafu gani, dada, mbona pako safi. Nilikuwa nimeshalifungulia mdomo. Kisha nikakumbuka ni nani wengine wamekuwa wakituambia hivyo hivyo, kila siku, kwa kipaza sauti.

Nikavua ndala, nikaingia.

"Upo, dada," nikamwambia. "Upo mwingi. Tumeuona, ndiyo maana tumekuja."